Apple Watch au Garmin? Naombeni ushauri kabla sijafanya maamuzi

Mguu Mzito:
Wakuu, habari za muda huu. Nimekwama na usingizi hauji. Nataka saa moja tu, ya kazini na ya mazoezini. Nipo kati ya Apple Watch Series 9 na Garmin Forerunner 255. Ya kwanza imeniteka kwa macho: kioo kinang'aa na inakaa vizuri na shati la mikono mirefu. Ya pili naambiwa ndiyo ya wakimbiaji, ila sura yake hapana kwa kweli. Nimejiandikisha mbio za milimani za kilomita 50, ukomo masaa 12, na mimi si mwepesi. Mazoezini simu naiacha nyumbani. Mnanishaurije?

Fundi Vitufe:
Hapo hakuna mjadala, angalia betri. Apple wenyewe wanasema Series 9 ni masaa 18, na hayo ni ya matumizi ya kuchanganya. Ukiwasha GPS mfululizo inakata mapema sana, utamaliza mbio saa ikiwa imezima. Forerunner 255 wanaitangaza masaa 30 ya GPS na siku 14 za kuvaa kawaida. Halafu mlimani kuna jasho na mvua, kioo cha kugusa kinaanza kujiendesha chenyewe. Garmin hiyo ina vitufe vitano, unabonyeza hata ukiwa na glavu.

Bibie Mtulivu:
Mwacheni avae kinachompendeza. Mbio ni siku moja, ofisini anaenda mwaka mzima. Na Series 9 inapima umeme wa moyo, 255 haipimi.

Mzee Pole Pole:
Vijana mnanunua saa badala ya kununua pumzi. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 pekupeku. Nani alimpimia mapigo ya moyo? Amka alfajiri, kimbia, rudi, oga. Mengine ni mbwembwe.

Kicheko Bure:
Mzee, na wewe viatu umevua au unamsemea Bikila tu? 😂
Kuweni makini na hizi saa jamani. Jamaa yangu alimuaga mkewe kwamba yuko kwenye kikao. Saa ikatuma mapigo 150 saa tano usiku kwenye programu ambayo mke naye anaiona. Sasa hivi anavaa ya mshale.

Nondo Tupu:
Mleta mada, mbona hujasema simu yako ni ipi?

Mguu Mzito:
Simu ni ya kawaida tu mkuu. Turudi kwenye saa. Hivi ile GPS ya masafa mawili, inayonasa mawimbi ya setilaiti ya aina mbili, ina umuhimu?

Fundi Vitufe:
Ina umuhimu kwenye mabonde na chini ya miti mikubwa, mawimbi yakigonga mwamba kabla ya kufika kwenye saa. 255 inayo. Series 9 haina, kwa Apple hiyo wameiweka kwenye saa zao za Ultra. Ila jua kwamba 255 haina ramani kamili, inakuchorea mstari wa njia tu. Mapigo ya mkononi usiyaamini sana ukiwa unapanda, vaa mkanda wa kifuani.

Nondo Tupu:
Narudia. Simu gani?

Mguu Mzito:
Android. Haya, mmefurahi?

Nondo Tupu:
Nilijua tu. Apple Watch haiungani na Android. Bila iPhone huwezi hata kuiandaa ianze kutumika. Uzi ulipaswa kuishia hapo. Na wanaotaka kumpeleka Samsung akija kununua iPhone wajue: kuanzia Galaxy Watch4 ya 2021 nazo hazikubali iPhone. Garmin inakubali kote, tena kwa Android unajibu ujumbe kutoka kwenye saa, kwa iPhone huwezi.

Mguu Mzito:
Hilo la iPhone nalijua mkuu, si mgeni. Mpango wangu ni kuhamia iPhone mwishoni mwa mwaka. Saa itatangulia, simu itafuata. Na kusema ukweli nusu ya hela ya Apple Watch nimeshampa muuzaji, si mtu wa kurudisha. Betri nitaidhibiti, nitaweka hali ya kubana matumizi. Kwani lazima kila kilomita irekodiwe?

Bibie Mtulivu:
Heh! Sasa ushauri ulikuwa wa nini?

Kicheko Bure:
Kanunua tandiko, punda atatafutwa baadaye.

Jicho la Tatu:
Wadau, mimi naona chai hapa. Mwanzo "simu naiacha nyumbani", lakini saa hana, sasa anajuaje kwamba yeye si mwepesi? Anapimwa na nini? Anataja masafa mawili kama mtu wa dukani, halafu eti kuchagua saa kumemshinda. Huyu ni muuzaji, anapima upepo aagize mzigo upi.

Mzee Pole Pole:
Nilihisi. Mtu wa mbio za kweli angeuliza viatu.

Fundi Vitufe:
Nami nimeandika insha nzima hapa 🤦

Mguu Mzito:
Jicho, acha hizo. Barabarani naiacha, mlimani naibeba kwenye kimkoba, ndiyo inayonipimia. Masafa mawili nimeyasoma kwenye uzi mwingine humu humu. Ningekuwa muuzaji ningejisema vibaya hivi?

Jicho la Tatu:
Weka picha ya risiti ya hiyo nusu, ficha jina na namba.

Mguu Mzito:
Tuliandikiana kwenye karatasi. Siweki.

Kicheko Bure:
😂😂 Chai imeongezwa tangawizi.

Nondo Tupu:
Chai au si chai, jibu halibadiliki. Mwambie muuzaji ile nusu ihamie kwenye Garmin kama anazo, umalizie iliyobaki. Akikataa, chukua hiyo Apple ila boksi usilifungue, muuzie mwenye iPhone.

Bibie Mtulivu:
Mimi ninayo iPhone. Ni ya milimita 41 au 45?

Mguu Mzito:
45. Njoo PM.