Naomba ushauri: vita vya Kortrijk 1302 mezani, mbona wapanda farasi wanashinda kila mara?

Baba Idrisa

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Mimi ni mtu wa Tanga, ila huu mwaka wa saba naishi Ghent, Ubelgiji. Nina kijana wangu wa miaka 14, na tangu mwaka jana tumeushika mchezo wa kupigana vita vya zamani mezani kwa askari wadogo wa plastiki, wale wa milimita 28. Tunawapaka rangi wenyewe, tunawabandika kwenye vibao, mwendo tunaupima kwa rula na mapigano tunayaamua kwa dadu.

Tarehe 11 Julai huku Flanders ni sikukuu, na chanzo chake ni vita vya Kortrijk vya mwaka 1302. Kijana amewaalika wenzake watatu wa darasani waje siku hiyo wavipigane nyumbani kwetu. Kwa asiyevijua: mwezi Mei mwaka ule watu wa Bruges waliwaua askari wa Kifaransa waliokuwa mjini mwao, kisha jeshi la Flanders likaenda kuizingira ngome ya Kortrijk. Mfalme Philippe IV akamtuma Robert wa Artois na wapanda farasi kama 2,500, pamoja na askari wa miguu. Upande wa pili walisimama wafumaji, wauza nyama na mafundi wa kila aina, kama 9,000, karibu wote kwa miguu. Wafumaji wakashinda. Robert mwenyewe aliuawa palepale.

Kwangu mezani mambo ni kinyume. Tumejaribu mara 4, na mara zote 4 Wafaransa wameshinda kabla ya zamu ya 6. Kibao kimoja cha miguu ni watu 250, cha farasi ni watu 125, kwa hiyo Flanders ina vibao 36 na Ufaransa ina 20 vya farasi na 8 vya miguu. Kila kibao kinarusha dadu moja. Farasi ana nguvu 3, akishambulia kwa kasi anaongeza 3. Mwenye mkuki ana 3, akiwa na mwenzake nyuma anaongeza 1. Nguvu na dadu zikijumlishwa, mkubwa anamsukuma mdogo. Jumla ya adui ikifika mara mbili ya yako, unaondolewa.

Jumapili nilivusha vibao 6 vya farasi kwenye kijito, zamu iliyofuata nikawaachia. Safu ya Bruges ikafunguka katikati kama pazia. Idrisa alinyamaza, akachukua kile kibao chenye bendera ya wafumaji, alichokipaka rangi kwa siku tatu, akakirudisha kwenye boksi. Akaniuliza, "Baba, sasa hawa watu walishindaje?" Nikakosa jibu.

Sitaki kuwapa Flanders dadu za bure ili washinde. Nataka meza iseme kweli. Nirekebishe wapi?

FundiMeza

Mkuu, hongera kwa kumlea kijana kwenye mchezo huu. Kabla sijasema lolote: hicho kijito chako kinamfanya nini farasi anayevuka?

Baba Idrisa

Kinapunguza mwendo nusu. Farasi anakwenda sm 24, ndani ya maji anahesabiwa 12. Basi.

FundiMeza

Ugonjwa umeshauona. Umekifanya kijito kuwa foleni ya barabarani: mtu anachelewa, halafu anafika akiwa mzima vilevile.

Nguvu ya wale jamaa haikuwa farasi mmoja mmoja. Ilikuwa ukuta: goti kwa goti, wanaanza taratibu, wanaongeza mwendo pamoja, mikuki inashuka pamoja. Kijito kinauvunja ukuta. Huyu ameruka, yule farasi wake amegoma ukingoni, mwingine ametumbukia na wa nyuma wanamkanyaga. Ukifika ng'ambo una watu jasiri waliotawanyika.

Kwa hiyo weka hivi. Kibao kikitoka majini kimevurugika zamu nzima: kinapigana na nguvu 2 na hakina nyongeza yoyote. Na ile 3 ya kasi aipate tu mwenye nafasi ya sm 15 kavu na iliyonyooka kati ya ukingo na adui. Usiguse kitu kingine kwanza. Cheza uone.

Kamanda wa Pwani

Mimi ningeongeza mashimo ya siri. Nimesoma kwamba watu wa Flanders walichimba mitego na kuifunika, farasi wakatumbukia. Mpe Idrisa vikaratasi 6 avifiche chini ya nyasi za meza, baba akikanyaga, kibao kimekwenda. Watoto watafurahi sana.

Bi Zawadi

Kamanda, samahani, hapo sikubaliani nawe, na naomba Baba Idrisa asilipokee kirahisi.

Habari ya mitego imetiliwa nguvu zaidi na upande wa Wafaransa, na sababu inaeleweka: kwa bwana mkubwa kuangushwa na mfumaji ilikuwa aibu isiyosemeka, kwa hiyo lazima kuwe na hila. Masimulizi ya Flanders yanasifu ushujaa wa waliosimama. Ardhi yenyewe ilikuwa na maji ya kutosha: vijito viwili mbele ya safu, cha Groeninge na kile walichokiita Kijito Kikubwa. Ukiweka mashimo ya siri unamwambia Idrisa kwamba watu wake walishinda kwa mtego, wakati jibu la swali lake ni kwamba walisimama.

Baba Idrisa, jambo la kusimama ndilo naona halimo kwenye sheria zako. Nyuma ya safu ulikuwepo mto Leie. Ubavuni ngome, na ndani yake Wafaransa. Hakukuwa na pa kukimbilia. Guy wa Namur na Willem van Gulik, waliokuwa mabwana wa farasi kwa kuzaliwa, walishuka wakapigana kwa miguu pamoja na mafundi. Fikiria wewe ni muuza nyama, unaona mkubwa wako hana tena farasi wa kumtorosha. Moyo unabadilika. Na amri ilikuwa kali: hakuna kuteka mtu, hakuna kuokota mali, kwa sababu safu inayoinama kuokota ni safu iliyovunjika.

Mezani hilo ni jepesi. Kibao cha Flanders kikisukumwa, kikiwa kinagusana bega kwa bega na wenzake pande zote mbili, kinarusha dadu: 3 kwenda juu hakirudi nyuma hata kidogo. Kikiachwa peke yake, hakina haki hiyo.

Halafu kuna silaha yao, goedendag, rungu nene refu lenye ncha ya chuma kichwani. Wenye mikuki mirefu wanakita vitako ardhini kumzuia farasi, mwenye rungu anampiga farasi, kisha anamalizia na mpandaji. Farasi aliyevurugika akizidiwa na safu yenye silaha hizo mbili, aondolewe moja kwa moja.

Mtu wa Lubumbashi

Ndugu zangu, jambo. Mimi nafanya kazi hapa Kortrijk. Ukija kukitafuta hicho kijito leo hukioni, mji umekwisha kujengwa juu yake. Nimeshapita pale mara nyingi bila kujua nakanyaga wapi, hadi mwenzangu wa kazi aliponionyesha.

Nataka kuuliza kuhusu wenye pinde za mtambo. Ufaransa walikuwa nao wengi. Katika mchezo wako wanafanya kazi gani?

Baba Idrisa

Kusema kweli huwa nawaacha nyuma. Farasi wanamaliza kazi wenyewe.

FundiMeza

Swali zuri sana hilo, ndugu wa Lubumbashi, na hapo ndipo vita vyote vilipo.

Angalieni. Wenye pinde wa Ufaransa walitangulia, wakawasukuma nyuma wenzao wa Flanders, wakaanza kuifikia safu kubwa. Robert akawarudisha, akaingiza farasi. Sasa tuchukue vipimo vya Baba Idrisa: kijito kina sm 4, tuseme mishale inafika sm 24. Idrisa akisimama sm 10 kutoka ukingoni, farasi hawana nafasi ya kuchukua kasi, ila mishale inamla. Akirudi sm 21 mishale haimfikii, lakini amewaachia farasi uwanja wa sm 21, na wao wanahitaji 15 tu.

Umeona? Kila sentimita anayoipata kwa mishale anailipa kwa farasi. Mchezaji wa Flanders ana uamuzi mgumu kila zamu, na wa Ufaransa ana njia halali ya kushinda: avumilie, atumie pinde, amrudishe adui taratibu, ndipo avuke. Hakuna dadu ya bure kwa yeyote.

Kamanda wa Pwani

Nimekuelewa, na mashimo nayafuta. Lakini basi Mfaransa mwenye akili hatashambulia kamwe. Atakaa ng'ambo anapiga mishale mpaka jioni. Anajua yaliyompata Robert.

Bi Zawadi

Kweli, ni lazima asukumwe na kitu. Husimuliwa kwamba kabla ya vita Raoul de Nesle, konstabo (yaani mkuu wa majeshi) wa Ufaransa, alishauri wasikimbilie kupigana huku maji yakiwa mgongoni mwao, naye Robert hakumsikiliza. Walikuja kuiokoa ngome, na kila bwana alitaka kuonekana wa kwanza.

Kwa hiyo gawanya farasi makundi matatu, kila moja na kiongozi wake. Kuanzia zamu ya 3, kila kiongozi anarusha dadu: ikitoka 1, kundi lake linakwenda mbele zamu hiyohiyo, hata kama wenye pinde wako njiani. Na mchezo uishe zamu ya 12. Giza likiingia Flanders haijavunjika, Ufaransa imeshindwa.

Ngome nayo usiisahau. Askari waliokuwa ndani walitoka kushambulia kwa nyuma, watu wa Ypres wakawazuia. Mpe Mfaransa vibao 2 ndani ya ngome, Idrisa alazimike kuacha 4 vya Ypres kulinda.

FundiMeza

Na akiba ya Jan van Renesse, askari waliowekwa nyuma kungoja! Katikati ya safu ilianza kupasuka kweli siku ile, akiba ndiyo iliyoziba. Vibao 4 nyuma ya katikati, visiguswe mpaka kibao cha kwanza cha mbele kiondolewe.

Kwa kuwa mko Ghent, mwambie kijana hili pia: wakuu wa mji wenu walikuwa upande wa mfalme, lakini Jan Borluut alikuja Kortrijk na watu kama 700. Kwa kipimo chako ni vibao 3. Wapake rangi tofauti.

Baba Idrisa

Wakuu, nimerudi. Tumecheza mara mbili, Jumamosi na Jumapili, kwa sheria mlizonipa.

Jumamosi nilianza na pinde. Idrisa alikaa sm 10 kutoka ukingoni, akapoteza vibao 2 katika zamu tatu, nikaona jasho linamtoka. Zamu ya 4 akarudi nyuma sm 3. Mimi nikawa nangojea zamu mbili zaidi nipate uwanja wangu. Nikarusha dadu za viongozi, ya konstabo ikatoka 1. Kundi lake lote la kushoto likapita juu ya wenye pinde wangu, likaingia majini. Walipotoka wamevurugika, Idrisa hakungoja. Aliisogeza safu ya Bruges mbele mpaka ukingoni, kibao kwa kibao, akihakikisha mabega yanagusana, akawapiga palepale wakiwa bado hawajajipanga. Vibao 5 vimeondoka zamu moja.

Katikati nilimpeleka Robert mwenyewe. Nikaondoa vibao 2, nikadhani nimepita. Van Renesse akafika. Mpaka zamu ya 9 nilikuwa nimepoteza farasi 11 kati ya 20.

Jumapili dadu ya 1 haikunitokea mpaka zamu ya 8. Pinde zilimrudisha Idrisa sm 18, nikavuka kwa utulivu, nikajipanga, nikashambulia kwa kasi. Nimeshinda zamu ya 11, kwa shida. Safari hii hakurudisha kitu kwenye boksi. Alichukua rula akapima tena kutoka ukingoni hadi kwenye safu yake, akasema, "Baba, nilitakiwa niishie 14."

Bi Zawadi

Nimefurahi mno kusoma hili. Wakishazoea, wape vita vya Mons-en-Pévèle, Agosti 1304. Jeshi la Flanders tena, ila mwisho wao ndio walioshambulia, na Willem van Gulik aliuawa huko. Hapo atajifunza safu ile ile inakuwaje ikitoka mahali pake.

Mtu wa Lubumbashi

Kwa rangi na silaha, tafuteni picha za kasha la mbao la Kortrijk lililoko New College, Oxford. Limechongwa vita hivi: mavazi, bendera za mafundi, na yale marungu yanaonekana vizuri.

Baba Idrisa, tarehe 11 niko mapumziko. Kutoka hapa hadi Ghent ni mwendo mfupi wa treni. Kama kuna nafasi mezani, nitachukua ngome.

Baba Idrisa

Karibu sana ndugu yangu, ngome ni yako. Nimekutumia ujumbe wa faragha. Picha za kasha tumeziona, na Idrisa ameamua kuyapaka upya marungu yote. Vibao vinne vya Ypres havijaguswa hata rangi ya kwanza, naomba mniwie radhi nikikawia kujibu wiki hii.