Naomba ushauri: plagi za injini ya boti, mwanya wa 0.7 badala ya 1.0

Wadau, habari zenu. Nina Yamaha 15 ya tu-stroki, silinda mbili, ya boti iliyoko Naivasha. Kitabu chake kinataka NGK B7HS-10, mwanya kati ya ncha mbili wa milimita 0.9 hadi 1.0. Maduka niliyopitia Kirinyaga Road yana B7HS tupu, bila hiyo -10. Uzi na urefu ni ule ule, ila kwa fila geji (kipimo cha mwanya) unasoma 0.7. Moja nimeikunja ule mguu wa pembeni kidogokidogo hadi 0.9, na tayari ncha imekaa upande, haitazamani sawasawa na ya katikati. Ya katikati siigusi, kauri hupasuka upesi.

Je, nizikunje zote hivyo, au nisubiri -10 zenyewe? (B8HS msiniambie. Ni plagi baridi zaidi, yaani hupoteza joto upesi, na kwa mwendo wa polepole wa kuvua itajaa mafuta.)

La pili ni kukaza. Hedi ni aluminiamu, kitabu kinasema Nm 25, na spana ya kupima nguvu sina. Nafunga kwa vidole injini ikiwa baridi, mpaka washa (ile pete ya plagi) iguse hedi. Baada ya hapo, kwa plagi mpya, nusu mzunguko yatosha au niende hadi theluthi mbili?