Mjadala: Amplifaya ya transista, mpigaji gitaa wa kweli ataitumia?

Likoni_Juu: Jana fundi mmoja Mwembe Tayari kaniambia niuze amplifaya yangu ya transista, eti mpigaji wa kweli hutumia ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti. Nimemkatalia. B.B. King, yule mpiga gitaa wa blues wa Marekani, alipiga na amplifaya ya Lab Series L5, nayo haina valvu hata moja. Mwasemaje?

Nyuzi Sita: Fundi kasema kweli. Valvu ukiizidisha, sauti yaanza kukwaruza polepole, ukilegeza mkono yatulia. Transista ikizidiwa hukata ghafla, kama mtu kazibwa mdomo. Na B.B. King ungempa hata redio mbovu angeiliza. Nyinyi wa bendi za hoteli mwapigia watu wanaokula, nani atajua tofauti?

Baba Mwanaisha: Hapo umenigusa, kijana. Miaka 19 napiga Diani na Nyali, watoto watatu wamesoma kwa gitaa hili. Them Mushrooms waliotupa Jambo Bwana walipiga hoteli hizi hizi za Pwani. Hao nao walipigia sahani?

Nyuzi Sita: Sikukutaja mzee wangu. Nazungumzia sauti.

Baba Mwanaisha: Umeuliza nani atajua. Mimi najua. Usiku mmoja ufuoni stima ilipanda ikashuka mara nne. Ya mwenzangu, ya valvu, ilinuka moto, ikanyamaza. Yangu ikaenda hadi wimbo wa mwisho. Asubuhi nikaifungua mgongo: skrubu zimekula kutu ya chumvi, nikasugua kwa mswaki na spiriti, jioni nikapiga tena. Ile nyingine tuliibeba watu wawili kuvuka feri.

Dada wa Besi: Mwamkimbia mwenye swali. Amplifaya ya Roland JC-120, ya miaka ya themanini, haina valvu. Robert Smith wa bendi ya The Cure kaitumia, hata Hetfield wa bendi ya Metallica.

Likoni_Juu: Ni ya 1975, dada. Ina spika mbili za inchi 12. Ukiwasha korasi, ile ya kufanya gitaa moja lilie kama mawili, spika moja yatoa sauti kavu, ya pili yayumbayumba, zikakutana hewani. Ukisimama katikati wahisi gitaa limekuzunguka.

Nyuzi Sita: Hetfield aliitumia kwa sauti safi. Akitaka kukwaruza alirudi kwa amplifaya za valvu za Mesa Boogie.

Dada wa Besi: Na Dimebag Darrell wa bendi ya Pantera? Amplifaya zake za Randall zilikuwa za transista, na huko kukwaruza ndiko kulikompa jina. Mbona huyo humtaji?

Nyuzi Sita: Huyo namkubali. Lakini muziki wetu si huo. Mwanamuziki wetu wa zamani, Mzee Fundi Konde, alipiga gitaa la umeme enzi za valvu, na utamu wake mpaka leo wausikia.

Baba Mwanaisha: Alipiga valvu kwa sababu ndizo zilizokuwapo! Utamu ulikuwa vidoleni. Usimfanye mzee wa Pwani fimbo ya kuwachapia watoto wa Pwani.

Likoni_Juu: Jamani, fundi anasubiri jibu. Bei aliyonipa hainunui hata spika.

Dada wa Besi: Usiuze. Ukiuza, harusi ya Jumamosi utapigia nini?

Nyuzi Sita: Kwa bei hiyo, hata mimi nasema baki nayo.

Baba Mwanaisha: Vyema. Lakini lile neno la watu wanaokula bado hujaliondoa, nami sijalala.