Days of Wonder: tukinunua sanduku moja tu, lipi?

kijana_wa_kibokoni

Salaam alaykum wana geimu. Naomba msaada kwa nyie mliotangulia.

Sie hapa kibarazani Mji wa Kale jioni tuko wanne mpaka sita hivi, tumezoea keram, karata na dhumna, na kuna wazee wawili wa bao ambao ukiwakalia karibu hutoki mpaka isha. Binamu yangu alikuja likizo na Ticket to Ride, ule mchezo wa bodi wa kujenga njia za treni, ile ya ramani ya Marekani, tukaicheza mpaka siku anaondoka nayo, na tangu hapo kila mtu yuaniuliza "sasa yetu lini". Basi tumechanga, dada yangu yuaja kutoka Uingereza mwezi ujao na amesema begi lina nafasi ya sanduku moja kubwa, asisikie habari ya la pili.

Twataka tukae na kampuni hiyo hiyo, Days of Wonder, manake vitu vyao ni vya kushikika kweli, yale mabehewa, bodi nene, na ndani ya sanduku kila kitu kina shimo lake la kukaa. Shida wana michezo chungu nzima na kwenye video kila jamaa asifu kile alicholetewa bure. Nataka kusikia kwa mtu aliyecheza. Masharti yetu: Kiingereza kisijae kwenye kadi, geimu isizidi saa moja na nusu, na asitolewe mtu mapema akabaki kuwatazama wenzake wakicheza.

fundi_keram_tononoka

Alaykum salaam. Mwenzangu mbona hii rahisi, chukua Heat: Pedal to the Metal, funga uzi.

Wa 2022, mashindano ya magari ya miaka ya 60, wanacheza mtu mmoja mpaka sita, na wewe umesema mko sita. Ticket to Ride mwisho watano, Five Tribes mwisho wanne, kwa hivyo kwa hesabu hiyo tu vingine vishaanguka. Kadi zake karibu zote ni namba na alama, hakuna cha kusoma.

Inavyokwenda ni hivi. Kuna gia moja mpaka nne, gia uliyotia ndo idadi ya kadi unazotupa, ukiwa gia ya tatu watupa kadi tatu, wajumlisha namba zake, gari lasogea nafasi hizo. Kila kona ina spidi yake. Ukipita kwa spidi zaidi walipa kadi za moto kutoka kwa injini yako, moja kwa kila nafasi uliyozidi, na injini ikiwa haina tena moto wa kulipa gari lazunguka, warudishwa nyuma ya kona na unaanza tena na gia ya kwanza huku wenzako wakikupungia mkono. Zile kadi za moto hazipotei, zaingia kwenye kadi zako zikija mkononi haziwezi kuchezwa, mpaka ushuke gia ya chini upoze injini. Yani kujipalia makaa mwenyewe halafu utafute maji. Na wa mwisho hasahauliwi, apewa kusogea nafasi moja ya ziada na kupoza kidogo, na ukiwa umemganda mtu nyuma au ubavuni waweza kuvutwa na upepo wake nafasi mbili mbele. Wallahi nimeona mtu wa mwisho akapita watatu kwenye mstari wa mwisho, kelele zake mpaka jirani akafungua dirisha.

Hakuna anayetolewa. Bodi mbili kila moja pande mbili, kwa hivyo njia nne: Marekani, Uingereza, Italia, Ufaransa. Mkiwa wachache mwaongeza magari yanayojiendesha kwa kadi.

bi_shungi_bamburi

Mdogo wangu, hao watakupeleka kwenye magari kwa sababu ni wanaume 😅 mimi nasema Ticket to Ride tena, lakini ile ya Europe ya 2005, si ya Marekani.

Kwanza mshaijua kucheza, hakuna kufundishana upya. Pili ile ya Marekani yataka roho ngumu, mtu akikuzibia kile kinjia kimoja kilichobaki na wewe una tiketi, yani kadi ya kuunganisha miji miwili, ya Seattle mpaka New York ya pointi 22, basi hizo 22 zakatwa na urafiki umeisha pale pale. Kwenye Europe kila mtu ana stesheni tatu, ukizibiwa waweka stesheni na watumia njia moja ya mwenzako kufika mwisho wa hesabu, na usipoitumia wapata pointi nne kwa kila moja iliyobaki. Halafu kuna mahandaki, unatoa kadi zako na bado zafunuliwa tatu juu kuona kama utaongezewa bei. Hapo ndo utajua nani ana bahati. Nyumbani kwangu nani akitaka handaki wote twakaa kimya.

Na kama kuna watoto wadogo pale kibarazani, iko First Journey, ya kuanzia miaka sita, mwenye kumaliza tiketi sita mwanzo ndo mshindi, hakuna kuhesabu pointi. Binti yangu anifunga mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Ila hiyo kwa wazee wa bao ni maziwa, usipeleke.

Sijui kwa nini watu huipuuza Ticket to Ride eti ya wanaoanza. Mtunzi wake Alan R. Moon alipata nayo Spiel des Jahres 2004, ile tuzo ya mchezo wa mwaka kule Ujerumani, na mpaka leo watoa ramani mpya. Zamu yako vitu vitatu tu: chukua kadi, weka njia, au chukua tiketi. Hata mtu aliyekuja kuomba chumvi atacheza.

bao_majengo

Naona mnapita pembeni ya swali. Kijana kasema ana wazee wawili wa bao. Jawabu ni Five Tribes, ya Bruno Cathala, 2014. Huo mchezo ni bao limevaa kanzu.

Sikiliza. Vigae 30 vyapangwa tano kwa sita, juu ya kila kimoja vijitu vitatu vya mbao vya rangi mchanganyiko, jumla 90. Zamu yako wateka wote wa kigae kimoja, watembea nao ukiangusha mmoja mmoja kila kigae unachopita, hakuna kwenda mshazari wala kurudi ulikotoka papo hapo. Wa mwisho lazima aangukie penye mwenziwe wa rangi ile ile. Kwa hivyo hapa hakuna kulala, huwezi kumalizia penye shimo tupu ukaishia hapo. Ukishaangusha wa mwisho wawazoa wote wa rangi ile, na ukikiacha kigae kitupu waweka ngamia wako juu, kigae ni chako. Rangi ndo yaamua umekula nini: bluu ni wajenzi wakupa sarafu hapo hapo, kijani wafanyabiashara wakupa bidhaa, wekundu ni wauaji wakitoa kijitu kimoja, njano mawaziri wahesabiwa mwisho, na weupe ni wazee ambao wawatumia kulipia jini.

Tofauti na bao ni kwamba kete si za mtu. Ule upande wangu na upande wako haupo. Na ndo hapo mzee wa bao hupata tabu mara ya kwanza, apiga hesabu ya mbele sana, halafu watu watatu wacheza kabla yake na bodi ishakuwa nyingine. Lakini wacheze wawili tu. Wakiwa wawili kila mmoja ana zamu mbili kwa mzunguko na ngamia 11 badala ya 8, na zamu hunadiwa, basi akijua kuzinunua zamu mbili zifuatane aweza kujitengenezea njia kwa ya kwanza na kula kwa ya pili. Hapo utawaona wazee wako wamenyamaza, mmoja ameshika kidevu.

Na usisahau kwamba sarafu unazonadia ndo pointi zako za mwisho. Kuna nafasi ya kulipa mpaka 18 ili uanze wewe. Watu hulipa kwa hamaki halafu hushindwa kwa kumi.

kijana_wa_kibokoni

Ami bao_majengo umenipa kiu. Lakini hayo majini ni majini ya vipi? Nyumba yetu bibi yupo na yeye sanduku lenye picha ya jini halipiti mlangoni.

bao_majengo

😂 Ni kadi 22 tu mwanangu, kila jini ana uwezo wake, wengine wakuongezea pointi za mitende, wengine za kasri. Kwenye sanduku kuna ngamia pia, mwoneshe bibi ngamia.

Jambo moja la maana zaidi ya hilo. Dada yako akinunua iliyotumika, aangalie. Toleo la mwanzo lilikuwa na kadi za watumwa kama bidhaa ya kutumia na kutupa, watu wakalalamika, na matoleo ya baadaye kadi hizo zikawa za mafakiri, kazi yake ile ile. Kwa mtu wa pwani hii kukaa barazani kutupa kadi ya mtumwa ili upate nguvu za jini, mimi sikuweza. Chukua mpya.

nyali_dado

Five Tribes nzuri lakini semeni yote. Mkiwa wanne na mmoja wenu ni mtu wa kufikiria, geimu yafa. Kila zamu bodi nzima imebadilika kwa hivyo huwezi kupanga wakati mwenzako acheza, wakaa, chai yapoa, ikifika zamu yako ndo waanza kuhesabu vigae vyote upya. Mimi na kina shemeji tulianza baada ya magharibi, tukafunga hatujamaliza. Kwa sharti lako la saa moja na nusu, hapo ni kamari.

Kama mwapenda vurugu kuna Small World, 2009, ya Philippe Keyaerts, wawili mpaka watano. Mataifa 14 na nguvu 20, zachanganywa kila mara, kwa hivyo mara wapata majitu yanayoruka, mara mbilikimo matajiri. Wavamia, taifa lako likichoka walizeesha waanza na lingine. Bodi ni ndogo makusudi, lazima mgombane. Kuna dado moja ya uvamizi wa mwisho, nyuso tatu tupu na tatu zina nukta, na wallahi naapa ile dado yangu ina nyuso sita tupu. Ila ile ina karatasi ya maelezo ya kila taifa, Kiingereza kipo kidogo, mara za kwanza mtu mmoja awe msomaji.

Memoir '44 nayo nzuri sana lakini ni ya watu wawili zaidi, vita vya pili vya dunia, kwa kibaraza cha watu sita siipendekezi.

bi_shungi_bamburi

Na upepo je? Hakuna aliyetaja upepo. Kusi ikianza kuvuma kibarazani zile kadi zote za Ticket to Ride zaenda barabarani, na Heat kila mtu ana rundo lake mbele yake, sijui mtayashikilia na nini. Sie tumehamia ndani. Na joto la huku kadi zapinda, zanatana, nunueni mifuko yake ya plastiki mapema, zisije zikachakaa mkasema kampuni mbaya.

fundi_keram_tononoka

Upepo hauna shida dada, twaweka kokoto juu ya rundo. Lakini umenikumbusha kitu cha kweli: kipimo cha meza. Kijana, ukifikiria kutumia bodi ya keram kama meza, bodi ya Ticket to Ride ni ndefu, haiingii ndani ya zile mbao za pembeni, na za Heat pia kubwa. Five Tribes ndo yaingia, na zile mbao zazuia vijitu visianguke. Hapo nampa ami pointi moja. Moja tu.

Bado kura yangu Heat. Watu sita hawakai kutazama wazee wawili wakinyamaziana.

bao_majengo

Nani kasema watazame? Hao wengine wana keram. Umesahau swali, hawahitaji mchezo wa kuchukua watu wote, wana michezo ya watu wote tayari. Wanachokosa ni kitu kipya cha kuwatoa wale wazee kwenye bao.

fundi_keram_tononoka

Wazee wa bao hawatoki kwenye bao, ami. Wewe mwenyewe umetoka?

bao_majengo

Mimi si mzee.

kijana_wa_kibokoni

Haya nimewasoma wote mpaka mwisho, ahsanteni sana. Nimemuuliza mmoja wa wale wazee kama atacheza bao lenye ngamia, kaniambia "lete nilione" na kwake yeye hiyo ni ndio. Lakini waliochanga pesa ni sie vijana na tuko sita, kwa hivyo dada atatuletea Heat, na mchango wa pili tumeuanza leo kwa ajili ya Five Tribes, mpya si iliyotumika. Europe nitamwomba binamu aje nayo badala ya ile ya Marekani.

Swali la mwisho kwa fundi: wakiwa wanne kuna haja ya yale magari yanayojiendesha au yachosha?

fundi_keram_tononoka

Wanne tia mawili, barabara iwe na msongamano, bila hivyo hakuna wa kumganda na ule mvuto wa upepo wapotea. Kazi ya kuyasogeza mpe mtu mmoja asiyedhulumu. Na mara ya kwanza anzeni na njia ya Marekani bila ya vile vifaa vya gereji, yani kadi za kuboresha gari, vitieni siku ya pili.