Armenia na sataranji ya lazima darasani: faida iko wapi?

Kete Nyeusi: Wakuu, tangu 2011 Armenia imeifanya sataranji somo la lazima, darasa la pili hadi la nne, vipindi viwili kwa wiki, na mtoto anapewa maksi. Je, somo linazaa mabingwa au ni fahari ya taifa tu? Timu yao ilibeba dhahabu za Olimpiadi ya sataranji 2006, 2008 na 2010 kabla mtoto yeyote hajakaa kwenye darasa hilo.

Binti Ngome: Ni 2012, si 2010. Turin, Dresden, Istanbul. Dhahabu ya 2010 ni ya Ukraine. Hata fedha ya Chennai 2022 usiipe shule: aliyeingia la pili 2011 alizaliwa 2003 au 2004 hivi, na Sargissian aliyecheza meza ya kwanza ni wa 1983.

Mwalimu Sefu: Mnapima kwa medali wakati shida iko kwenye ufundishaji. Ukianza na ufunguzi, watoto wanakariri mati (kumnasa mfalme) ya hatua nne. Malkia anatoka mapema, mwenzake anakinga kwa farasi, basi mpango umeisha. Anza na mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake. Ngome ikate safu, mfalme wa adui asiweze kuivuka. Mfalme wako asogee mpaka wafalme watazamane, mraba mmoja katikati. Hapo ngome itoe cheki, yaani imshambulie mfalme, adui arudi safu moja nyuma. Akiisogelea ngome, ikimbize mwisho wa safu ileile. Wakiwa wamepishana mraba mmoja, bado hawajatazamana, na ni zamu yako, isogeze ngome mraba mmoja kwenye safu ileile, zamu imhamie. Ukimpa mtoto malkia mapema atamweka b6 (herufi ni safu ya wima, namba ni ya mlalo) mfalme wa adui akiwa a8: hana pa kwenda, hajapewa cheki, ushindi umegeuka sare.

Pwani64: Sare ndiyo wanayoijua. Taifa lililolelewa na Petrosian litafundisha nini zaidi ya kujificha? Bingwa wa dunia 1963 hadi 1969, sare juu ya sare.

Binti Ngome: Ndugu yangu, hapo umenigusa. Fungua mchezo wa 10 dhidi ya Spassky, wakigombea ubingwa wa dunia 1966. Mtu unayemwita mwoga alitoa ngome mara mbili kwa kete ndogo (askofu, kisha farasi), kisha hatua ya 30 akamtupa malkia h8 kwa cheki. Mfalme akimla, farasi anakula f7 kwa cheki na malkia wa g5 anaondoka. Spassky akasalimu amri palepale. Huko ndiko kujificha?

Pwani64: Mchezo mmoja. Ule wa Petrosian na Reshevsky, mashindano ya Zürich 1953, mnaousifu kila siku uliishaje? Sare.

Mwalimu Sefu: Sare aliyoipata kwenye nafasi ya kupoteza! Askari weupe wa d4 na e5 walikuwa tayari kusonga. Farasi wake wa c6 alihitaji d5, lakini njia inapita e7, na e7 imekaliwa na ngome yake mwenyewe. Akaipeleka ngome e6, iliwe na askofu. Farasi akapita e7, akatua d5, na askari wote wakaganda. Mtoto wa miaka tisa anaelewa hilo ukimwekea ubao mbele.

Kete Nyeusi: Jamani, nimeuliza habari za shule.

Farasi wa Jioni: Na huyo Petrosian mnayempa Yerevan alizaliwa Tbilisi. Mchezaji Aronian naye, nguzo ya dhahabu zote tatu, sasa anachezea Marekani.

Binti Ngome: Kuzaliwa Tbilisi kunamwondolea nini? Muarmenia ni Muarmenia, na Nyumba ya Sataranji ya Yerevan ina jina lake. Aronian alitangaza kuhama 2021, Chennai wakacheza bila yeye na bado wakachukua fedha. Hilo mbona hulisemi?

Pwani64: Mwalimu, nimeupanga ubao. Kwa nini Reshevsky hakuila ngome mara moja?

Mwalimu Sefu: Alisogeza askari wa a kwanza, akaila hatua iliyofuata. Angeila mapema, farasi angefika d5 vilevile. Sasa mtazame farasi wako pale: askari gani atamfukuza?

Pwani64: Hakuna. Lakini iliisha sare.