Neon tetra wanakufa mmoja mmoja, wamebaki watano, msaada wakuu

Baba Nai: Wakuu habari za jioni. Jumamosi iliyopita nilinunua neon tetra kumi, wale samaki wadogo wenye mstari wa bluu unaowaka na wekundu unaoanzia katikati ya tumbo kwenda mkiani. Tangi lita 60, filta ipo, nilijaza maji Ijumaa, samaki nikaweka kesho yake. Siku mbili walitembea kundi moja, wanageuka wote kwa pamoja, mpaka mwanangu akawa hataki kwenda kulala. Siku ya tatu mmoja akapauka, akajitenga juu kule anahema harakaharaka, asubuhi namkuta kalala chini. Maji masafi kabisa, ya kisima, niko Kigamboni. Niongeze wengine?

mvuvi_wa_sebuleni: Pole mkuu. Usiongeze hata mmoja! Tangi bado bichi. Kinyesi na chakula kinachobaki vinatoa amonia, nayo haionekani kwa macho, maji yanang'aa huku matamvua yanaungua. Kuna bakteria wanaokaa kwenye sponji la filta, ndio wanaigeuza kuwa naitraiti (nayo sumu) halafu naitreti ambayo ina afadhali, na hao kujijenga inachukua wiki nne mpaka sita. Sasa hivi badilisha robo ya maji kila siku, lisha mara moja tu, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili.

Baba Nai: Duh, na sponji juzi nililiosha na sabuni.

mvuvi_wa_sebuleni: Hapo ulifuta hata wale wachache walioanza. Lisuuze sana sabuni iishe, na siku nyingine likamulie tu kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini.

Mama Samaki: Nami naomba uangalie hicho kisima. Neon ni wa mito ya Amazon, Peru, Kolombia na Brazili, maji laini yenye rangi kama chai ya rangi. Nawa mikono na sabuni, povu likigoma na birika lako lina ukoko mweupe basi maji ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Kinga ya mvua, acha mvua ya kwanza ioshe bati, halafu changanya kidogokidogo kila unapobadilisha, ukibadili ghafla utawamaliza. Ukiona kazi, fuga samaki wa gapi, wao maji magumu wanayapenda.

Kijana wa Tabata: Wakitulia ongeza wafike hata wanane, wakiwa wachache wanajificha tu. Na usiku ukiwasha taa ukakuta wamefifia usishtuke, gizani rangi inapungua, ngoja dakika chache inarudi. Mimi mara ya kwanza niliamsha nyumba nzima.

Baba Nai: Nimejaribu, povu hakuna na birika lina ukoko wa kubandua na kisu. Robo nimebadilisha leo, watano wote wamekula. Ndoo mbili ziko chini ya bati, wingu limetanda huku.