Mjadala: Jeshi la Anga la Marekani lilichunguza kweli visahani virukavyo, au lilizima maneno tu?

Kozi_Mweusi: Wadau, Project Blue Book, mradi wa Jeshi la Anga wa kuchunguza visahani, ilifungwa Desemba 1969. Taarifa 12,618, na 701 hazikupata maelezo. Wakasema hakuna tishio, kwaherini. Kwangu huo si uchunguzi. Mnasemaje?

Mwalimu_K: Kukosa maelezo si ushahidi wa viumbe wa sayari nyingine. Watu waliona nyota, ndege, baluni. Hata yule rubani Mantell alikufa akikimbiza baluni. Utoto mtupu.

BintiRubani: Ishia hapo hapo. Kapteni Mantell alipigana Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 7 Januari 1948 alikuwa anapita na ndege zake, mnara wa kuongozea ndege wa kiwanja cha Godman kule Kentucky ukamwomba akaangalie kitu kilichoonekana angani. Akapaa juu zaidi bila oksijeni, ndege ikaanguka. Baba yangu ni rubani. Marehemu wa namna hiyo haitwi mtoto.

Mwalimu_K: Pole dada, ila kupita futi 20,000 bila oksijeni ni kuvunja kanuni. Wenzake waligeuza wakarudi salama.

Kozi_Mweusi: Na Blue Book ikaficha ripoti yake!

Mzee_wa_Tanga: Blue Book ilianza 1952, kijana. Mantell ni wakati wa Project Sign, uchunguzi wa jeshi uliotangulia. Jambo zito mnalipita: Januari 1953 CIA iliita jopo la wanasayansi chini ya Robertson, likashauri umma uelimishwe mpaka hamu ya visahani ipungue. Hapo ndipo swali la mleta mada linajibiwa.

BintiRubani: Mwalimu, unamlaumu maiti. Kwanza walisema alikimbiza Zuhura, tena mchana! Baadaye ndipo ikatajwa baluni ya Skyhook, mradi wa baluni kubwa za utafiti wa anga la juu ambao Jeshi la Majini liliufanya siri. Mnara ungejua, usingemwomba.

Mwalimu_K: Siri ilikuwepo, nakubali. Lakini rubani ndiye anayeshika usukani, na mwili haujui nani kaomba.

Kozi_Mweusi: Jamani, zile 701?

BintiRubani: Subiri kwanza. Mwalimu, nijibu: jeshi moja linarusha baluni kimya kimya, jingine linampeleka mtu akaitazame, akifa kosa ni lake peke yake?

Mwalimu_K: Sikusema peke yake.

BintiRubani: Ulisema utoto. Lifute hilo neno ndipo tuendelee.